Mbwa wanaoachiwa barabarani na sisi wa baiskeli: tusishindane nao mbio

kigurudumu (Ngaramtoni, Arusha)

Wakuu salaam. Mada hii ni kwa wale wanaotoka na baiskeli alfajiri, wauza maziwa, walinzi wanaotoka lindo, mafundi wanaowahi saiti, wanafunzi, na sisi tunaoendesha kwa mazoezi. Kila mmoja wetu ana mbwa wake anayemjua njiani. Huku kwetu kutoka Ngaramtoni kushuka Sakina mpaka mjini, ukikaa kwenye lami shida si kubwa, ila ukiingia zile barabara za ndani za vumbi karibu kila nyumba ina mbwa, usiku wanafunguliwa walinde, asubuhi gari la mwenye nyumba likishatoka geti linabaki wazi na mbwa nao wako nje wanajinyoosha, na hapo ndo unapita wewe na baiskeli yako.

Ninachotaka kusema ni kimoja na nitakirudia mpaka kieleweke: usimkimbie. Najua mwili wote unakwambia piga pedeli, lakini mbwa wa kawaida tu wa mtaani kwa umbali mfupi anafika kilomita 30 kwa saa na zaidi, we na baiskeli ya keria kwenye kokoto hufiki huko, na ukiwa unapanda kilima ndo kabisa. Na kinachomwasha yule mbwa ni huko kukimbia kwako. Miguu inazunguka, friwili inalia tik tik tik, kitu kinapita mbio mbele ya geti lake, lazima akifuate. Alafu angalia anachojifunza: umekuja, kabweka, kakufukuza, umeondoka. Kwake yeye kazi imefanyika, kashinda. Kesho atakuja kwa nguvu zaidi na atakuja na mwenzake. Ndo maana mbwa yuleyule anazidi kuwa mbaya kila wiki kwa watu walewale wanaopita kila siku.

Halafu wengi tunaogopa meno tu, wakati kinachovunja watu ni tairi la mbele. Mbwa akishakufikia hang'ati palepale, mara nyingi anakata mbele yako, tairi linamgonga ubavuni, usukani unapinda, unaruka juu yake unaenda kutua na bega au uso. Na ukishika breki ya mbele ghafla kwa hofu inakuwa vilevile. Kwa hiyo ukiona mbwa mbele, vidole viwe juu ya breki zote mbili na uzito uupeleke nyuma kidogo. Usijaribu kumpiga teke, ukitoa mguu kwenye pedeli balansi imekwisha na umempa kifundo cha mguu bure. Usikwepe kuingia katikati ya barabara bila kuangalia nyuma, daladala haina habari na mbwa wako.

Mi ninavyofanya ni hivi. Namtafuta kwa macho mapema, sisubiri abweke. Mbwa aliyelala akainua kichwa tu, sina neno naye. Aliyesimama kichwa kimenyooka na mwili mzima kanigeuzia, huyo naanza kupunguza spidi nikiwa bado mbali, naacha kupiga pedeli, naongea naye kwa sauti nzito ya kawaida, "we, tulia, nenda nyumbani". Akija bado, nashuka. Nashuka upande asiokuwepo yeye, baiskeli inabaki katikati yetu, akizunguka nami naizungusha. Simkodolei macho, simpi mgongo, natembea taratibu naikokota mpaka nipite mwisho wa uzio wao. Tisa kwa kumi hapo anasimama, anabweka viwili vya kumalizia, anarudi. Kilichokuwa kinakimbia hakikimbii tena na mpaka wake umeisha.

Kuna mmoja hapa njiani mweupe ana baka jeusi kwenye jicho, shingoni ana kipande cha mnyororo uliokatika, ukisikia ule mnyororo unaburuta kwenye kokoto nyuma yako ujue keshatoka. Huyo kangusha watu kadhaa. Mi ananibwekea tu, kwa sababu nikifika kwenye ule mgomba wa kona nashuka kabla yake.

Naomba wadau mchangie mnavyofanya huko mliko, hasa wenye mizigo.

---

mtoto_wa_shy (Shinyanga)

Mkuu umeongea vizuri ila wewe unaendesha mtupu. Huku kwetu baiskeli ndo gari, mtu ana gunia mbili za mkaa nyuma au mama na mtoto kwenye keria, utashukaje? Ukisimama na gunia mbili baiskeli inakulalia, na abiria akiona mbwa anaruka kabla hujasimama, anaangukia palepale mbwa alipo. Mi huku tambarare napiga pedeli na fimbo iko kwenye fremu, akisogea namwonyesha fimbo, basi. Simpigi nayo, naishusha tu upande wake ikae kati yake na mguu wangu.

---

kigurudumu

Mtoto wa Shy nakubali, hapo umeniongezea kitu. Fimbo ya kushusha pembeni bila kupiga ina akili, inamweka mbali na pedeli. Ila hata na mzigo, spidi punguza, usiongeze. Mwenye gunia mbili akigongwa tairi la mbele akiwa mbio anaanguka na mzigo unamfuata juu. Akiwa anaenda mwendo wa mtu anayetembea, hata mbwa akikata mbele anaweza kuweka mguu chini. Na abiria aambiwe mapema kabla ya kufika kwenye nyumba yenye mbwa: inua miguu, shika kiti, usiruke, usipige kelele. Wengi wanaruka kwa sababu wameshtukizwa.

---

jirani_wa_ziwa (Kisumu)

Habari zenu ndugu za Tanzania. Mimi nimebeba watu na baiskeli hapa Kisumu miaka mingi kabla hizi pikipiki hazijajaa, hata hilo jina boda boda lilianzia kwa baiskeli za kuvusha watu mpaka wa Busia, so hii maneno ya mbwa tunaijua. Kitu inafanya kazi huku ni jiwe. Na si kurusha, kuinama tu. Ile unashuka unainama kama unaokota jiwe, mbwa ya kijiji inageuka hapo hapo hata kama chini hakuna kitu, kwa sababu imerushiwa mawe tangu ikiwa ndogo, inajua mkono ikienda chini nini inafuata. Lakini sikiza, hii ni ya mbwa ya kijiji ile inazurura. Mbwa kubwa ya ulinzi ile ya estate, imefundishwa, haijawahi kurushiwa jiwe, ukiinama mbele yake umeshusha uso wako karibu na mdomo yake. Hiyo usiinamie kabisa. Simama wima, baiskeli mbele, ita mwenyewe kwa sauti, mwambie askari wa gate aishike.

Nyingine, wakiwa wengi tafuta ile moja inaongoza. Hizo zingine zinafuata tu. Ukisimama ukaikabili hiyo moja, hizo zingine zinapoa. Shida ni ile inapita nyuma kimyakimya wakati unaangalia ya mbele, ndio maana napenda kusimama nikiwa nimeegemea ukuta au fence, nyuma kukuwe kumefungwa.

---

mama_wawili (Morogoro)

Jamani naomba niseme kitu maana naona mnaongelea kuanguka tu. Binti yangu yuko kidato cha pili anaenda shule na baiskeli, mwaka huu aling'atwa na mbwa kwenye shavu la mguu. Ukiangalia kidonda kilikuwa kidogo, vitundu viwili tu vya meno kama umechomwa na msumari na mchubuko pembeni, damu yenyewe haikuwa ya kutisha. Yeye mwenyewe alikuja nyumbani anasema mama si kitu, soksi ilikinga. Bibi yake akataka apake mafuta ya taa na chumvi, jirani akasema tukakate manyoya ya yule mbwa tuyachome tuweke kwenye kidonda. Nikakataa nikampeleka bombani nikamsafisha na sabuni ya mche ya kufulia, nikamminyia maji mpaka vile vitundu vikaanza kuwa vyeupe pembeni, analia lakini sikuacha.

Kilichoniumiza ni kilichofuata. Zahanati ya kwanza wakasema chanjo ya kichaa cha mbwa hamna, mkaangalie mjini. Mjini tulikoelekezwa wakasema aliyeshika ufunguo wa friji katoka, rudini kesho. Nikasema siendi popote, nikakaa pale kwenye benchi na mtoto mpaka ikapatikana. Kuna mama alikuwa pale na kijana wake kang'atwa mkononi akaondoka, aliambiwa kesho akaenda. Bado namfikiria.

Sasa naomba mwenye ujuzi atufafanulie, ni kweli zile sindano ni 21 za tumboni? Maana ndo kitu kinachofanya watu wanakimbia.

---

afisa_shambani

Dada mama wawili pole sana, na ulichofanya bombani ndicho kinachotakiwa. Mimi ni afisa mifugo, nitaongea la kichaa cha mbwa kwa kirefu kidogo maana nikisoma huu uzi naona watu wa baiskeli wanang'atwa hasa miguuni na wanapuuza.

Sindano za tumboni zilikuwa za zamani, zile chanjo za kale zilizotengenezwa kwa ubongo wa wanyama, ndizo zilikuwa nyingi na za tumboni. Siku hizi hazitumiki hivyo. Sasa hivi unachomwa mkononi kwenye bega, sindano chache. Ya kwanza siku ileile unapofika, kisha siku ya 3, siku ya 7, na kutegemea aina na namna ya kuchoma kuna ya 14 au 28. Tarehe wanakuandikia kwenye karatasi, usiruke hata moja kwa sababu kidonda kimepona. Kidonda kupona hakuhusiani na chochote.

Kwa nini haraka? Virusi viko kwenye mate. Meno yakipita ngozi vinaingia kwenye nyama, vinashika mshipa wa fahamu, vinapanda polepole kuelekea kwenye ubongo. Kwa wengi dalili zinakuja baada ya miezi miwili mitatu, kwa wengine wiki chache, na wapo wanaofika mwaka. Ukiumwa karibu na kichwa au kwenye vidole safari inakuwa fupi. Huo muda wote mtu hana hata homa, anaendelea na kazi zake. Siku dalili zikianza, anaogopa maji, koo linabana, hapo hakuna dawa ya kumrudisha, karibu wote wanafariki. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hivi kila mwaka duniani, zaidi ya asilimia 95 wako Afrika na Asia, na kama 40 kati ya kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Na karibu wote wamepata kwa mbwa. Huu ugonjwa una kinga tangu 1885 Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, alipomchoma chanjo mtoto Joseph Meister aliyeng'atwa na mbwa, na bado unaua watu wetu kwa sababu ya "rudini kesho".

Kwa hiyo ukishuka kwenye baiskeli umeng'atwa: maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili, shika saa. Sabuni ya aina yoyote. Virusi hivi vina ganda la mafuta, sabuni inalivunja. Usipake mafuta ya taa, pilipili, majivu, wala jiwe la nyoka, vinachubua nyama na kuvisukuma ndani. Kama una dawa ya ayodini weka baada ya kuosha. Kidonda kisishonwe haraka haraka. Kisha kituo cha afya siku hiyohiyo, waulize na ya pepopunda. Kama meno yamepenya ngozi na damu imetoka, waulize pia ile sindano ya kinga ya tayari (immunoglobulini) inayochomwa pembeni ya kidonda chenyewe, hii ni tofauti na chanjo na haipo kila mahali, lakini ulizeni. Hata mchubuko usiotoa damu unahesabika. Kulambwa kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda ndiko hakuhitaji sindano.

Na yule mbwa asiuawe kama anaweza kufungwa salama. Akifungwa akaangaliwa siku 10 na akabaki mzima, maana yake siku alipong'ata hakuwa na virusi kwenye mate na daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Ila sindano zianze, msisubiri hizo siku 10 ziishe ndo muende. Akiuawa au akitoroka, mnamaliza zote.

---

chuma_cha_zamani (Gongo la Mboto, Dar)

Afisa asante. Mi naomba kuuliza, mbwa mwenye kichaa unamjuaje ukiwa barabarani? Maana ile kushuka kwenye baiskeli na kumtuliza kwa maneno naona kwa mwenye kichaa haitafanya kazi.

---

afisa_shambani

Swali zuri sana ndugu yangu. Mbwa mzima ana sababu ya kukufukuza, ana geti lake, ana watoto wake, ukivuka mpaka anaacha. Mwenye kichaa hana mpaka. Utamkuta anatembea barabara ndefu peke yake kama ana safari, anayumba nyuma, mate yanachuruzika, taya limelegea, sauti imebadilika imekuwa ya kukwaruza, anang'ata hata fito, mawe, tairi la gari lililosimama. Hakubwekei kwanza, anakuja tu. Huyo usijaribu kupita karibu. Geuza baiskeli ukiwa mbali, ingia uani kwa mtu, panda ukuta, ikibidi mwachie baiskeli aing'ate hiyo. Kisha piga simu kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata ili watu wazuiwe kutoka, hasa watoto wa shule.

Na kuna wale wa kimya. Mbwa aliyezoea kukufukuza kila siku, leo kalala tu chini ya mti, mdomo uko wazi, hamezi, watu wanadhani kakwama mfupa wanaingiza mkono kumtoa. Msiingize mkono. Wafugaji wengi wanaambukizwa hapo.

---

kamanda_wa_lami

Naona tunazunguka sana. Hawa mbwa koko dawa yao ni moja, nyama na sumu usiku, mtaa mzima kimya wiki moja. Serikali inapaswa kufanya hivyo kila mwaka, sisi tunalipa kodi tuendeshe kwa amani.

---

kigurudumu

Kamanda naelewa hasira yako, hasa kama uliwahi kuangushwa, lakini hapana. Sumu haichagui. Inakula kuku, paka, mbwa wa mzee aliyefunga vizuri, na mtoto anayeokota kitu chini. Na mbwa wanaotufukuza sisi asubuhi wengi wao si koko, wana wenyewe, wana bakuli, wana geti. Tatizo ni lile geti.

---

afisa_shambani

Naongezea hapo kwa kamanda kwa sababu hili limeshajaribiwa kwa wenzetu. Kisiwa cha Flores kule Indonesia kichaa kiliingia 1997, wakaua mbwa kwa wingi sana, ugonjwa ukabaki. Kule kisiwa cha Bali, hukohuko Indonesia, kiliingia 2008, wakaanza na kuua, hali haikutulia, kilichopunguza ni kampeni ya chanjo. Sababu ni rahisi: ukitangaza kuua, watu wanaficha mbwa wao au wanawahamishia kijiji kingine, na wakihama virusi vinahama nao. Unaua hata waliochanjwa ambao ndo walikuwa ukuta wako. Nafasi ikibaki wazi wanaletwa wengine wachanga ambao hawajachanjwa kabisa.

Sisi tuna ushahidi wa nyumbani. Watafiti waliofuatilia kichaa wilayani Serengeti na Ngorongoro walikuta mbwa mmoja mgonjwa kwa wastani anaambukiza mbwa mmoja na kitu, hawafiki wawili. Maana yake huu moto si mkubwa, ukichanja mbwa 70 katika kila 100 na ukarudia kila mwaka unazimika. Wapelekwe na wale wadogo wadogo, msiwaache nyumbani eti bado watoto. Kampeni ikipita mtaani kwenu wewe mwenye baiskeli ndo uwe wa kwanza kupita nyumba hadi nyumba kuwaambia, kwa sababu mguu ulio karibu na hayo meno ni wako.

---

geti_kijani (Moshi)

Mimi naongea kama mfuga mbwa maana naona tunasemwa. Wakuu, mbwa tunafuga kwa sababu ya wizi, si starehe. Wangu wawili wamechanjwa na kadi ninayo. Lakini msitarajie mbwa niliyemfundisha asimwamini mtu anayepita usiku ageuke saa 12 asubuhi awe rafiki wa kila mwenye baiskeli. Nyie mkipita mnapiga kengele, wengine wanapiga na mawe kwenye geti langu, mbwa anazidi kuchukia baiskeli. Tukae tuongee.

---

kigurudumu

Kaka geti kijani nashukuru umekuja, nilikuwa nakusubiri mtu kama wewe. Hakuna anayekukataza kufuga. Mbwa wa ulinzi alinde ndani ya uzio wako. Akilinda barabara analinda mali ya nani? Barabara ni ya wote. Ninachoomba kwa wenye nyumba ni mbwa arudishwe bandani kabla geti halijafunguliwa, si baada. Yaani asubuhi kwanza mbwa aingie bandani, halafu ndo gari litoke. Wengi wanafanya kinyume, gari linatoka, geti wazi, kijana wa kazi yuko jikoni.

La mawe na kengele nakuunga mkono kabisa. Anayempiga mawe mbwa akiwa ndani ya geti lake anatutengenezea adui sisi wote tunaopita nyuma yake. Mi nilichofanya kwa nyumba moja niligonga saa za jioni, nikamsalimia mzee wa pale shikamoo, nikamweleza napita hapa kila asubuhi, naomba tu unijulishe kwa mbwa wako. Akamshika shingoni, nikasimama na baiskeli hapo hapo, mbwa akanusa tairi, akanusa viatu, akanusa na mkono, mzee akamtaja jina. Tangu hapo nikipita namwita jina lake, anakuja mpaka getini anatingisha mkia anarudi. Baiskeli kwake ilikuwa kitu kisicho na mtu, sasa kina mtu.

---

geti_kijani

Hiyo ya kumtambulisha nimeipenda, na la banda kwanza gari baadaye leo nimeshamwambia kijana wangu.

---

jirani_wa_ziwa

Kwa wale wa huku Kenya, jueni hii si kazi ya kuomba tu. Katiba ya 2010, ile ratiba ya nne, imeweka udhibiti wa wanyama na leseni za mbwa kwa kaunti. Na kuna sheria ya kichaa cha mbwa, sura ya 365. So mbwa ikikungata, ripoti kwa polisi na kwa ofisi ya mifugo ya kaunti, mwenye mbwa asikudanganye na mia tano ya dawa halafu mambo iishe hapo. Enda hospitali kwanza lakini ripoti. Huku tuko na mkakati wa serikali wa kumaliza kichaa wa 2014 mpaka 2030, mnaweza kuuliza chief wenu chanjo ya mbwa inakuja lini.

---

mtoto_wa_shy

Kwa sisi bongo unaenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji kwanza, anamwita mwenye mbwa mnakaa. Halmashauri nyingi zina sheria ndogo za mifugo kuzurura. Mi nimeona ikifanya kazi pale walioenda walikuwa wengi, akienda mmoja anaambiwa "wewe ndo una ugomvi na huyu mzee". Wauza maziwa, wauza mkaa, wazazi wa wanafunzi, mkienda pamoja mnasikilizwa.

---

chuma_cha_zamani

Vipi kuhusu chupa ya maji? Kuna jamaa tunaendesha naye Jumapili anawamwagia usoni.

---

kigurudumu

Chupa ya kubonyeza ni nzuri, mi naitumia. Maji yakimpiga puani anasimama kushangaa, zile sekunde chache zinakutosha kushuka na kuweka baiskeli katikati. Haimuumizi, haimfundishi chuki. Ila ukiwa mwendo wa kasi na mkono mmoja uko kwenye chupa, mkono uliobaki uwe kwenye breki ya nyuma. Firimbi nayo inasaidia kwa wengine, kuna wengine inawapandisha. Zile dawa za pilipili za kupuliza siziamini ukiwa kwenye baiskeli, upepo ukitoka mbele zinarudi machoni kwako na hapo huoni mbwa wala barabara.

Kitu kingine ambacho hatujakigusa ni mama mbwa mwenye watoto. Ukiona jike maziwa yananing'inia, huyo hata kushuka na kutembea taratibu pembeni yake haisaidii sana kama watoto wako kwenye mtaro ulio karibu na njia. Simama mbali, geuka, zunguka njia nyingine kwa hizo wiki chache, ndo rahisi.

---

mama_wawili

Nimesoma yote nashukuru sana wote. Binti alimaliza sindano zake. Mwenye mbwa alimfunga, siku 10 zikapita mbwa mzima, daktari akasema tungeweza kuacha lakini mi nikaomba amalizie na yeye mwenyewe akakubali. Swali langu la mwisho kwa afisa, mdogo wangu ni mjamzito na anatumia baiskeli kwenda sokoni, akiumwa na mbwa anaweza kuchomwa? Kuna mtu kamwambia ataharibu mimba.

---

afisa_shambani

Anachomwa dada, ujauzito hauzuii, wala kunyonyesha, wala umri. Atakayemwambia asubiri ajifungue kwanza asimsikilize. Amwambie tu mhudumu kwamba ana mimba, aanze siku ileile.

---

kigurudumu

Wakuu, kwa walio upande wa Ngaramtoni na Sakina: Jumamosi jioni tunaenda kwa mwenyekiti tukiwa kikundi, wa maziwa wamekubali, wazazi wawili watatu wapo. Tunataka mambo mawili tu, mageti yafungwe asubuhi na afisa mifugo wa kata atupangie siku ya chanjo hapa mtaani. Mwenye mbwa mweupe wa mnyororo uliokatika naye nimemwalika, kasema atakuja. Anayetaka kuungana nasi aniandikie inbox nimwelekeze tunapokutana.